Kicheko kiko usoni mwa anayesikiliza

Kipindi cha kwanza cha vichekesho nilichoongoza hapa Amu, yaani Lamu, nilikiharibu mwenyewe. Tulirekodi kwenye daka, ukumbi wa mlangoni wenye baraza mbili, la nyumba moja mtaa wa Langoni: bahili kaketi baraza hii, mkewe baraza ile, wanagombania kibaba cha mtele (mchele). Kila aliyefungua kinywa nilimsogezea kamera hadi uso ukajaa kioo. Siku ya kuwaonyesha majirani, hapana aliyecheka. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mbona mumewe humuonyeshi? Si yeye anayeambiwa?"

Nikarudi kutazama vichekesho vya zamani, safari hii kwa jicho la kazi. I Love Lucy ya Marekani, iliyoanza 1951, ilipigwa kwa kamera tatu za filamu kwa pamoja, mbele ya watazamaji. Lucille Ball akifanya kituko, uso wa mwenzake unanaswa papo hapo. Hapana haja ya kumwambia "hebu shangaa tena". Mshangao wa mara ya pili haushangazi mtu, nimeujaribu. Na kwenye Vitimbi, kichekesho cha runinga cha Kenya, Mzee Ojwang akibwabwaja, mimi macho yangu yako kwa Mama Kayai anayemsikiliza.

Kamera tatu huna. Mimi ninayo moja, tena ya kuazima. Basi watie wote wawili ndani ya picha, kisha tulia. Daka zetu ni kama zilijengwa kwa kazi hiyo: baraza mbili zinatazamana, nawe umesimama njiani, mgongo kwenye ukuta wa jirani. Punda akipita na mchanga, mwache apite. Mara moja alituokolea onyesho zima.

Lugha ya mwigizaji usiisahihishe. Nilimlazimisha bahili aseme "kichwa changu", akawa kama anasoma taarifa ya habari. Aliporudia "kitwa changu" ya Kiamu chake, kijana wa taa alicheka hadi mwanga ukatikisika ukutani.

La mwisho, ambalo lilinigharimu siku nzima ya kurekodi upya: mhusika akishazoeleka, si wako tena. Kipindi cha saba nilimvua bahili kofia yake kuukuu, nikampa mpya ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, ili apendeze. Watoto wa mtaa walipoiona hawakusubiri hata aseme neno.

"Huyu kofia hii kaiba wapi?"