Kwa nini sauti ya honi hubadilika basi linapotupita?

SWALI: Nina kibanda cha biashara kando ya barabara ya Moshi kwenda Arusha, jirani na Boma Ng'ombe. Basi likija huku dereva ameshikilia honi, sauti huwa nyembamba. Likishapita huwa nzito. Kijana wangu anashikilia kwamba sauti huzidi kuwa nyembamba kadiri basi linavyokaribia. Je, ni kweli? Na ni honi inayobadilika?

JIBU: Ndugu msomaji, honi haibadiliki, na abiria waliomo ndani huisikia vilevile mwanzo hadi mwisho kwa kuwa wanasafiri nayo. Kinachobadilika ni nafasi iliyopo kati ya wimbi moja la sauti na linalofuata. Tuchukue honi inayotoa mawimbi 400 kwa sekunde, katika basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, yaani takriban mita 22 kwa sekunde. Sauti husafiri hewani mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, hivyo basi likiwa limesimama, mawimbi huachana kwa sentimita 86. Likiwa mwendoni, kabla wimbi la pili halijatoka basi limekwisha kusogea sentimita tano na nusu. Kwa hiyo mbele yake mawimbi husongamana hadi sentimita 80, na nyuma hutanuka hadi 91. Sikio lako hupokea mawimbi 428 kwa sekunde basi linapokuja, na 376 linapokwenda zake. Wanakwaya wangesema sauti imeshuka kutoka re hadi do, na kuzidi kidogo.

Jambo hili lilielezwa na mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, mwaka 1842, na mwaka 1845 mwanasayansi Mholanzi, Buys Ballot, akalipima huko Uholanzi kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni.

Kijana wako amekosea, ingawa kosa lake ni la wengi, kwani kinachoongezeka basi linapokaribia ni ukubwa wa sauti, nao hulihadaa sikio. Wembamba hautegemei umbali, bali kasi ambayo basi linakusogelea. Likiwa mbali, karibu mwendo wake wote unaelekea kwako. Likikaribia usawa wako, sehemu hiyo hupungua, na sauti huanza kushuka hata kabla basi halijakufikia. Wewe uliye ukingoni mwa barabara husikia mshuko huo kwa ghafla. Kijana wako akisimama shambani, mita mia moja kutoka hapo, atausikia ukija polepole.