Maneno niliyodhani ninayajua

Ndugu zangu, kila tunapozungumza kwa simu mnaniuliza kama Kijerumani bado kinanisumbua baada ya miaka 6 ya kuishi huku Ujerumani, nami hujibu kwa kifupi kwamba nimekwisha kukizoea. Jibu hilo si kamili. Neno nisilolijua halinipi taabu kubwa, kwa kuwa nitaliuliza au nitalitafuta kwenye kamusi. Yaliyonitesa ni yale niliyoamini kwamba ninayajua.

Katika wiki zangu za kwanza kazini niliambiwa nifike "halb drei", yaani nusu na tatu, maneno mawili niliyokuwa nimeyashika barabara. Kwa Kiingereza cha Uingereza nilichosomeshwa, nusu na tatu ni nusu saa baada ya saa yao ya tatu, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu mchana, nami nikafika wakati huo bila wasiwasi wowote. Kumbe Mjerumani huihesabu nusu hiyo kuwa ni nusu ya safari ya kuifikia ile tatu, kwa hiyo nilitakiwa kufika saa nane na nusu, na watu walikuwa wamenisubiri saa nzima.

Mengine hujifunza upesi. "Gift", ambalo kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kijerumani ni sumu, ingawa yote mawili yametoka katika shina moja lenye maana ya kutoa. "Schule" ndilo lililotupa neno letu shule, lakini "Hochschule", linaloonekana kama shule ya juu, ni taasisi ya elimu ya chuo kikuu.

Neno lililonipa uchungu zaidi ni pole. Siku moja mwenzangu alijikwaa kwenye ngazi na karatasi alizobeba zikatawanyika, nami nikakimbilia kumwambia "Entschuldigung", ambalo nilidhani ndiyo pole yao. Alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya taratibu nilikuwa nimemfanya nini. Sikuwa na jibu, kwa maana neno lile ni la mtu anayeomba radhi kwa kosa lake, ilhali pole yetu humwendea aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyetoka safari na aliye kazini, bila anayeitamka kuwa na hatia yoyote. Huku mgonjwa ana neno lake na mfiwa ana lake, lakini kwa mtu aliyechoka tu sijapata hata moja linalonitosheleza, na mara nyingi nampokea mzigo bila kusema kitu.

Sasa niseme lile ambalo baadhi yenu mmeniwekea moyoni, kwamba nilimleta mke wangu na binti yetu nikamwacha mtoto wa kaka, kijana ninayemwita mwanangu naye akiniita baba. Nilipokwenda kwenye ofisi inayoshughulikia wageni niliulizwa nina watoto wangapi, nikajibu wawili bila kusita, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyo. Afisa aliomba vyeti vya kuzaliwa, akakisoma cha kijana mara mbili, kisha akanieleza kwamba huyu ni "Neffe" wangu na kwamba katika neno mtoto hakumo. Sheria yao ya ukaazi humfungulia njia mume au mke na watoto wa mtu mwenyewe walio chini ya miaka 18, na jamaa wengine hukubaliwa kwa nadra, pale panapothibitishwa kwamba pana dhiki isiyo ya kawaida. Isitoshe, "Neffe" humjumlisha mtoto wa kaka na mtoto wa dada pamoja, kama ambavyo "Onkel" humjumlisha mjomba na baba mdogo, kana kwamba hakuna tofauti kati yao.

Afisa yule hakunitukana wala hakunidharau, lakini alinitazama kama mtu aliyejaribu kumdanganya, na hilo bado linaniuma. Nilichukua kalamu, nikafuta mbili, nikaandika moja. Kijana akiuliza tena, naomba mumweleze kwamba siku ile nilimtaja kwanza yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa.