Kampuni mbili za mazishi, bei mbili: ipi ndo rahisi?

SWALI: Habari za kazi dada. Mwezi uliopita tulifiwa na mjomba hapa Kampala, tukampeleka kuzikwa kwao Arua. Mimi ndo nilitumwa kuulizia kampuni za mazishi. Ya kwanza ikasema pakeji nzima 7,200,000 mpaka kaburini, ya pili 4,100,000 ila safari ndefu inahesabiwa kwa kilomita. Nikachukua ya kwanza. Sasa kila tukikaa ndugu zangu wananisema eti nimekula pesa ya marehemu, kwa nini niliacha ya milioni nne. Nimekutumia kotesheni zote mbili. Hizi bei mtu anazilinganishaje? – Msomaji, Bweyogerere

JIBU: Poleni sana kwa msiba, na wewe pole zaidi kwa hayo maneno, maana anayeshika mambo ya pesa kwenye kilio ndo anabakiaga na lawama.

Karatasi zako nimezisoma. Ile ya pili imeandika chini kabisa, kilomita 50 za kwanza ziko ndani ya bei, zinazobaki ni 4,500 kila moja, kwenda na kurudi. Hapo kwenye kurudi ndo watu wengi hawasomi, gari la maiti linarudi tupu lakini mafuta na dereva mnalipa nyinyi. Sasa weka Kampala mpaka Arua kilomita 480, kwenda na kurudi 960, toa 50 zinabaki 910, zidisha kwa 4,500 unapata 4,095,000. Ongeza ile 4,100,000 ya mwanzo, jumla 8,195,000. Na bado hakuna tenti, hakuna viti, hakuna mashine ya kushushia jeneza, ambavyo ya kwanza waliweka. Waonyeshe ndugu zako hesabu hiyo wakae kimya.

Ila sikufichi, hata kwenye ya kwanza mngepunguza. Kubeba tenti na viti kutoka Kampala mpaka Arua ni kulipia safari ya viti wakati Arua kwenyewe vinakodishwa! Mashine ya kushusha nayo, vijana wa kijijini wanashusha kwa kamba vizuri tu na kwa heshima zote. Ukipewa pakeji waambie wakuandikie bei ya kila kitu peke yake, kuchukua mwili, mochwari, dawa ya kuhifadhi, kuosha na kuvalisha, jeneza, gari, halafu ndo uulize, nikitoa hiki bei inashuka kiasi gani? Kampuni ikikataa kuandika mimi naondoka, kwa sababu kisichoandikwa ndo kinaletwaga asubuhi ya safari mwili ukiwa tayari kwenye gari na familia nzima inalia, nani atabishana saa hiyo.

Mochwari uliza kwa siku. Pengine bei inabeba siku mbili, nyinyi mnangoja mtoto wa marehemu atoke Juba au Dubai, siku zinapita na kila siku inahesabiwa.

Jeneza liangalie kwa mkono, usiridhike na picha ya WhatsApp. Yale yanayong'aa sana mengine ni mbao za kubandika, juu imepakwa rangi ya mahogani, ndani ni unga wa mbao uliogandishwa. Fungua kifuniko, angalia pembeni pasipopakwa rangi, vuta mshikio uone kama ni chuma au plastiki ya rangi ya dhahabu, na chini kabisa papase kama sakafu imefungwa kwa skrubu au vimisumari tu. Kwa safari ya Arua sakafu ndo kitu, siyo urembo. Unaweza pia kununua kwa fundi mwenyewe, wako wengi tu, ila kwanza uliza kampuni kama inakubali jeneza la nje na kama inaongeza pesa kwa sababu hiyo.

Halafu msipange dipoziti kwa kutegemea mabugo, yaani pesa za rambirambi wanazotoa waombolezaji. Mabugo yanaingia kidogokidogo kwenye mkesha, na kampuni inataka balansi kabla gari halijawasha injini. Anzeni na mchango wa familia kwa mobaili mani, mtu mmoja apokee na mwingine aandike, na risiti mzipige picha muweke kwenye grupu hapohapo. Ungefanya hivyo hata hayo maneno yasingekuwepo.

SWALI: Mzee wetu alifia hospitali jioni na tulizika kesho yake hapahapa Jinja. Kampuni ilitulazimisha tulipie dawa ya kuhifadhi mwili. Ilihitajika kweli? – Mama wawili, Jinja

JIBU: Pole mama. Mwili ukiwa kwenye friji na mnazika kesho yake hapo jirani, sioni kazi ya hiyo dawa, ni ya kungoja siku nyingi au safari ndefu. Angalia ndugu zetu Waislamu, wanaosha, wanavisha sanda, wanazika upesi bila dawa yoyote. Labda iwe ugonjwa kama Ebola, kama ule wa 2022 Mubende na Kassanda, hapo timu za wizara ya afya ndo zinasimamia mazishi na kampuni haigusi kitu. Rudi na risiti yako ofisini kwao, uliza nani wa familia alisaini hiyo dawa. Kama hakuna sahihi, dai pesa yako, na uende na mtu mwingine wa familia msikilizwe wawili.