Mashindano ya maputo ya hewa moto

Ndugu yangu wa Tabata, umeuliza kama marubani wa maputo ya hewa moto hushindana kwa kasi. Hapana, hushindana zaidi kwa shabaha. Puto halina usukani, hivyo rubani hupanda na kushuka akitafuta upepo unaoelekea anakotaka, kwani upepo wa chini na wa juu huweza kuelekea pande tofauti; hata hapa Feri, Dar es Salaam, bendera huweza kupepea upande mmoja na mawingu yakaenda mwingine. Kisha rubani huangusha utepe mrefu wenye uzito mwishoni, karibu iwezekanavyo na alama ya msalaba iliyotandazwa chini. Zuri zaidi, kwa maoni yangu, ni shindano la kulifuata puto lililotangulia kuruka na kulenga pale litakapotua. Kombe la Gordon Bennett, lililoanza Paris mwaka 1906, ni la maputo ya gesi, na mshindi ni aliyefika mbali zaidi.