Ameshajifungua, mbona presha inapanda?

SWALI: Mke wangu amejifungua siku 6 zilizopita kwa njia ya kawaida. Mimba nzima presha yake haikuzidi 120/80. Tangu jana kichwa kinamuuma, Panadol haisaidii, na leo anasema anaona nyotanyota. Mama yangu anasema ni uchovu wa uzazi, akandwe tu maji ya moto. Nimempeleka duka la dawa akapimwa: 158/104. Kifafa cha mimba si huisha mtoto akishazaliwa? Baba wa mtoto wa kwanza, Ifakara.

JIBU: Kaka, mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi. Mtoto aende naye apate kunyonya, na kadi ya kliniki msiisahau. Mkifika usiseme tu "anaumwa kichwa". Sema: "Amejifungua siku 6 zilizopita, presha 158/104, anaona nyotanyota." Muuguzi akisikia hivyo hatawaacha kwenye foleni. Haya mengine soma ukiwa umekaa naye huko.

Jina la ugonjwa ndilo linalotuponza. Tukisikia "cha mimba" tunadhani mtoto akizaliwa umekwisha. Chanzo chake kweli ni kondo la nyuma: lisipojishikiza vizuri kwenye mfuko wa uzazi, hutoa kemikali zinazoumiza ngozi laini ya ndani ya mishipa ya damu mwili mzima. Mishipa hubana, presha hupanda, figo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo, na ubongo nao huathirika. Kondo likishatoka, kemikali hupungua, lakini mishipa iliyokwisha kuumia huchukua siku au wiki kupona. Juu ya hapo, maji yaliyojaa mwilini wakati wa ujauzito hurudi kwenye damu, ndiyo maana presha ya mzazi hufika juu zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati ambao wengi wameshakwenda nyumbani. Hatari inaweza kuendelea hadi wiki 6, na humpata hata aliyekuwa na vipimo vizuri kliniki mimba nzima, kama mkeo.

Presha ya 140/90 kwenda juu si ya kawaida kwa mzazi. Ikifika 160/110 ni dharura hata kama hasikii chochote. Yeye hajafika hapo, ila kichwa kisichosikia dawa pamoja na nyotanyota vinatosha kututia wasiwasi. Maumivu ya chembe ya moyo na kupumua kwa shida ni dalili za kundi hilohilo. Nimepokea wazazi waliofungwa kanga kichwani siku mbili nzima wakikandwa, wakaletwa baada ya kuanguka. Mama yako hana kosa, anampenda mkwewe, lakini maji ya moto hayashushi presha hii.

Huko watapima presha tena, mkojo na damu. Wakiona ni hatari watampa magnesiamu salfeti: gramu 4 polepole kwenye mshipa, kisha kwa kawaida gramu 5 kila tako. Mwambie mapema kwamba atasikia joto kali mwilini na sindano za tako zinauma, asiogope. Si dawa ya kushusha presha. Kazi yake ni kuzuia degedege. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Ukiona muuguzi anamgonga goti, anahesabu pumzi na kupima mkojo, anahakikisha dawa haijazidi. Presha yenyewe ina dawa zake, kama nifedipini, na anaendelea kunyonyesha.

Akianza kutetemeka njiani, mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mwendo uwe uleule wa hospitali, si kwa mganga.

Akisharuhusiwa, apimwe presha mara kwa mara mpaka itulie, na asiache vidonge kwa sababu kichwa kimepoa. Mimba ijayo aanze kliniki kabla ya wiki 12 na aseme yaliyompata, kwa kuwa daktari anaweza kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo mapema. Hata asipozaa tena, apime presha angalau mara moja kila mwaka: aliyewahi kupata hali hii ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha ya kudumu huko mbele.