Miche ya nyanya kugeuka rangi ya shaba kitaluni: geuza jani kabla ya kuongeza dawa

Mkuu, umesema miche yako huko Hombolo ina wiki tatu, majani yana vidoa vidogo vya njano kama yamemwagiwa vumbi, mengine yameanza kuwa ya shaba, na umeshapiga dawa ya wadudu mara tatu lakini hali inazidi. Huo ni utitiri mwekundu, na nadhani dawa yako ndiyo inayoulea.

Utitiri ni jamii ya buibui, ana miguu minane. Saipamethrini na lambda-saihalothrini, viambato vya dawa za wadudu ambazo ndizo unapewa haraka dukani, zinaua wadudu wanaomla utitiri, yeye anabaki anazaliana. Kwa joto la Oktoba na Novemba hapa Dodoma, yai linakuwa utitiri mzima ndani ya siku kumi hivi. Soma kiambato kwenye kibandiko, usisome jina kubwa la mbele.

Hakikisha kwanza. Weka karatasi nyeupe chini ya mche, gonga majani mara tatu nne, subiri kidogo. Vinukta vikitembea, ni wao. Geuza na jani: wanakaa chini yake, na wakizidi unaona utando mwembamba. Anzia upande upepo unakotokea na upande wa barabara ya vumbi, maana upepo unawaleta na vumbi linawapendeza. Kagua miche 20 sehemu tano tofauti, mara mbili kwa wiki. Ila kama ni kingo za majani tu zinaungua na udongo una ukoko mweupe, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima. Hakuna dawa ya kupiga hapo.

Ukiwaona, ng'oa miche iliyochoka kabisa, ifunge kwenye mfuko ukiwa palepale, usiiburute kitaluni. Iliyobaki piga abamektini, dawa inayoua utitiri. Ile ya gramu 18 kwa lita huwa mililita 10 hadi 15 kwa bomba la lita 20, lakini kibandiko ndicho cha mwisho. Piga jioni, kwa sababu jua linaiharibu upesi na nyuki wanakuwa wamerudi. Pua ya bomba ielekee juu kutoka chini ya jani. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanalowesha juu tu. Mayai hayafi vizuri, kwa hiyo rudia baada ya siku 5 hadi 7. Ukihitaji awamu ya tatu badilisha kiambato. Salfa ya unga inasaidia, lakini usiipige jua likiwa kali, itaunguza miche kuliko utitiri wenyewe.

Majani machanga yakiwa madogo, yamejikunja kwenda juu na kingo za njano, hiyo ni rasta, virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Haina tiba, ng'oa. Kinga yake ni neti yenye matundu madogo sana (chandarua cha kawaida inzi weupe wanapita) kuanzia siku unayosia, kingo zikifukiwa kwenye udongo.

Mche ukianguka huku shina limenyong'onyea usawa wa udongo, ni kinyaushi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina. Umesia kwa kubananisha au unamwagilia jioni. Mistari iachane sentimita 15, maji asubuhi.

Na magugu yanayozunguka kitalu yang'oe wiki mbili kabla ya kusia. Ukiyang'oa miche ikiwa imeshaota, utitiri waliokuwa humo wanahamia kwenye nyanya zako siku hiyohiyo.