Isome Karatasi Kabla ya Kutia Sahihi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza ni haki ipi ya kisheria ambayo kila mtu anapaswa kuifahamu kabla hajajikuta mbele ya mpelelezi. Wengi, nadhani, watataja wakili au dhamana, na hawatakosea. Mimi nataja haki ya kuyasoma au kusomewa maelezo yako, kuyasahihisha, na kukataa kuyatia sahihi endapo si yako.

Niliwahi kumsindikiza mpwa wangu kituoni baada ya kununua simu iliyotumika ambayo baadaye iligundulika kuwa ya wizi. Aliulizwa, akajibu, askari akaandika kwa mkono. Alipopewa kalamu nilimsihi asome kwanza, neno kwa neno. Mstari wa nne ulisema "nilijua simu ni ya wizi", ilhali yeye alikuwa amesema "nilikuja kujua". Sidhani kwamba askari yule alikusudia ubaya. Alikuwa anaandika haraka. Lakini kosa la kupokea mali ya wizi kwa kawaida husimama juu ya jambo hilohilo, yaani kwamba mpokeaji alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kuwa mali hiyo imeibwa wakati anaipokea. Kudondoka kwa neno moja kuliyageuza maelezo yake kuwa ungamo. Maneno yale yalikatwa kwa mstari, yakaandikwa upya, naye akatia sahihi pembeni ya masahihisho.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unataka, katika ibara ya 9, kwamba anayekamatwa aelezwe sababu wakati uleule wa kukamatwa, na katika ibara ya 14 unakataza mshtakiwa kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe au kukiri kosa. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu ya Ernesto Miranda kwa kuwa polisi hawakumweleza kwamba angeweza kukaa kimya na kuwa na wakili wakati wa kuhojiwa. Ungamo lake lilikuwa na aya iliyokwisha kupigwa chapa, ikisema kwamba anazifahamu kikamilifu haki zake za kisheria, na sahihi yake ilikuwa chini yake. Kila nikilikumbuka jambo hilo naumia, kwa sababu karatasi ilimsemea asichokuwa amekijua.

Kukaa kimya, hata hivyo, si ruhusa ya kudanganya, kwani maelezo ya uongo yanaweza kuwa kosa jingine, na kumsukuma askari ni kosa la tatu. Wala ukimya hauna uzito uleule kila mahali: England na Wales, tangu sheria ya mwaka 1994, mahakama inaweza kuutafsiri ukimya dhidi ya mtu aliyehojiwa kisha akaleta mahakamani utetezi ambao angeweza kuutaja mapema. Ndiyo maana wakili anafaa zaidi kabla ya swali la kwanza kuliko baada ya la mwisho.

Basi ukifika kwenye meza ile, usiione aibu kusoma polepole. Nafasi iliyobaki wazi chini ya maelezo ipigwe mstari, kila ukurasa utiwe sahihi, na usichokielewa uombe kufafanuliwa kwa lugha unayoizungumza nyumbani, hata kama chumba kizima kinakusubiri.